Niliandika Usiguse

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huo ndio uongo nilioumeza mzima nilipokuwa kwenye karakana moja katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, tulikotengeneza mashine za kuangua mayai. Wateja wetu walikuwa wafugaji wa Waithaka na Kinoo. Ndani ya kila mashine mlikuwa na chipu ndogo iliyopima joto, ikageuza mayai na kuhesabu siku. Amri za chipu hiyo niliziandika mimi peke yangu kwa asembli, lugha ya kuielekeza chipu hatua moja moja, kwa namba na vifupisho ambavyo mgeni akivitazama haambulii kitu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Chipu tulizopata zilikuwa na nafasi finyu mno, na lugha kama C, inayokaribia maneno ya watu, tuliona haitaenea humo. Asembli ikawa malkia, nami nikavimba kichwa. Nilidhani wananiheshimu kwa ustadi wangu. Kumbe chipu zilikuwa ndogo tu, basi.

Kisha wauzaji wakaacha kuleta chipu zile. Zilizokuja zilikuwa na nafasi tele, na asembli ya chipu moja haikubali kwenye nyingine. Inabidi uanze upya. C unaihamisha kama godoro, unatandika kwingine unalala. Vyuo navyo vilikuwa vikiifundisha, kwa hiyo mwenye karakana akaajiri jamaa mmoja wa kutoka Vihiga, mpole, aliyeijua vizuri. Jamaa akaniomba nimweleze programu yangu. Nikamjibu mbele ya watu kwamba C ni lugha ya wavivu, na nikacheka.

Siku hiyohiyo nikafungua programu yangu, na kando ya mstari mmoja nikaandika neno moja: USIGUSE. Sikuongeza maelezo yoyote. Nilitaka asiweze kufanya kazi bila mimi, na sina haja ya kuipamba sababu hiyo.

Miaka mitatu baadaye mama mmoja wa Kinoo, mteja wetu wa zamani, akataka mashine yake iangue mayai ya bata. Ya kuku huchukua siku ishirini na moja, ya bata ishirini na nane. Mashine yake ilikuwa ya zile za asembli, basi kazi ikawa yangu. Nikabadilisha ishirini na moja kuwa ishirini na nane. Nikaliona lile USIGUSE. Sikukumbuka linalinda nini, nikalitii.

Siku ya thelathini niliitwa Kinoo. Mama akapasua yai moja mbele yangu. Kifaranga wa bata alikuwa kamili, ana manyoya na mdomo, ila amegandamana na ganda upande mmoja, amekufa. Akapasua la pili na la tatu. Nikamwambia pole, nikahisi aibu mpaka masikioni. Yeye akanishika mkono.

"Usijilaumu, mami," akasema. "Si wewe, ni mashine."

Nikanywa chai yake.

Kesho yake mwenye karakana akaweka kurasa zangu mezani, akataka nimwonyeshe kosa liko wapi. Nilitafuta tangu asubuhi hadi saa ya chakula. Kila herufi ilikuwa yangu na sikuweza kuisoma. Jamaa wa Vihiga hakunicheka. Ni afadhali angenicheka. Alileta ukurasa mmoja wa programu aliyokuwa akiiandika kwa C kwa ajili ya mashine mpya. Mwenye karakana, ambaye hajawahi kuandika amri hata moja, akapitisha kidole polepole mpaka kwenye jina ambalo jamaa alilitunga kwa Kiswahili: siku_ya_kuacha_kugeuza. Mbele yake palikuwa na ishirini na tano, ya bata. Akauliza ya kuku ni ngapi. Jamaa akasema kumi na nane, kwa sababu mayai huachwa yatulie siku tatu kabla ya kuanguliwa.

Nikaiona kumi na nane yangu. Ilikuwa pale pale, kando ya USIGUSE. Mayai ya bata yalikuwa yameacha kugeuzwa wiki nzima kabla ya wakati, ndiyo maana vifaranga waliganda kwenye maganda.

"Madam, kazi unajua," mwenye karakana akaniambia. "Lakini hii yake hata mimi nasoma. Yako hata wewe mwenyewe huwezi."

Tangu siku hiyo kila mashine ikaandikwa kwa C. Mimi nikapewa meza ya kupokea wateja, na kabla ya mwaka kwisha nikaondoka. Nimewasikia wajuzi wakieleza kwa nini asembli iliachwa: chipu zilikua, C ikawa rahisi kufundisha. Ni kweli. Lakini wenyewe tuliojua tulikalia tulichojua, na mficha uchi hazai. Sijajisamehe, na sioni kwa nini nijisamehe.

Yule mama wa Kinoo tulikutana tena Kenyatta Market, anasukwa nywele. Akamwambia msusi kwamba huyu ndiye fundi aliyekuja mwenyewe mpaka nyumbani kumpa pole, ile mashine ilipomuulia bata. Msusi akanitazama kwa heshima. Nikaitikia kwa kichwa, nikasema mashine za siku zile zilikuwa mbaya sana.