Mteremko wa Mama Yangu

Majina ya walioivunja nyumba yetu siyaandiki. Vyeo vyao naandika: mwenyekiti wa kijiji, katibu kata, na mjomba wangu mwenyewe. Kwetu Matombo shamba hufuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye mlinzi wake. Huyo mlinzi ndiye aliyewafungulia mlango. Katibu kata alimwambia mama kwamba binadamu haishi mteremkoni kama mbuzi. Tukashushwa tambarare, kwenye kijiji cha Ujamaa, na kule juu ikawa marufuku kulima.

Mimi nikaondoka. Mtu wa darasa la pili ofisi gani itamtaka? Nikaishia baharini, kwenye chombo cha kubeba boriti kutoka Rufiji kwenda Dar. Mabaharia walingoja kwa hamu kuona mtu wa mlimani akianguka. Upepo ukajaza tanga, chombo kikalala ubavu, wao wakashika kamba. Mimi nikasimama tu, goti moja nimelikunja, kama ninapalilia.

"Mluguru," nahodha akauliza, "umepaka ulimbo miguuni?"

"Hapa pamelala kama shamba la mama, nahodha."

Wakacheka sana. Mimi sikucheka. Tangu tushushwe sikuwa nimetulia hata siku moja. Kule tambarare nilitembea kama mgonjwa. Sasa maji yanapita ubavuni, jua la saa nne mgongoni, chumvi mdomoni, na nyayo zinakumbuka kwao. Nikayasikiliza yale maji mpaka nikasahau kuwalaani wale watatu. Tangu hapo, kila chombo kilipolala nilisimama vile. Na katika kusimama huko nikaelewa: mteremko haukuwa na kosa. Wenye kosa nawajua.

Nikarudi. Nikamsalimu mama, nikachukua jembe, nikapanda mlimani. Matuta yalikuwa yameanza kubomoka. Mvua moja zaidi na shamba lingekwisha. Siku ya tatu ya kuyatengeneza matuta, mwenyekiti akasimama chini na viatu vyake vya mjini, mjomba nyuma yake, akiniamuru nishuke.

"Shikamoo, mwenyekiti. Shikamoo, mjomba. Pandeni mnishushe."

Mwenyekiti alipanda hatua nne, akateleza, akakaa kitako. Mjomba, mzaliwa wa huko huko, angeweza kunifikia. Alitazama miguu yangu, akageuka, akamfuata mwenyekiti. Sijamsamehe kwa hilo.

Baadaye walituma mgambo, nikalala mahabusu wiki mbili. Nilipotoka nilipanda tena, nikamkuta mama kanitangulia, machipukizi ya migomba kichwani, amesimama wima.