Usingizi wa Baba, Macho ya Mama

Sisi tuliokulia Ndagoni, kisiwani Mafia, zama za ujamaa hatukuamshwa na simu. Tuliamshwa na debe la mwenyekiti wa kijiji, likigongwa mara tu baada ya sala ya alfajiri, na mzembe wa kuitika aliitwa kupe. Wajukuu zangu simu inawalilia mara tano, nao wanainyamazisha kwa kidole bila hata kufumbua jicho.

Mama yangu, Mungu amrehemu, debe lilimkuta keshateka maji, muhogo wa nazi uko jikoni, na ukili wa mkeka anaousuka umeshajaa mapajani. Alilala kidogo mno, wala sikumbuki kumwona akipiga miayo. Bibi mzaa mama alikuwa vivyo hivyo. Baba alilala kama babu mzaa baba: ukimpunguzia usingizi alishinda akipepesuka, jembe likimtoka mkononi. Basi Mama alitundika kanga dirishani jua lisimguse, nasi watoto tukanyata.

Kwa hiyo Baba alifika shamba la kijiji jua limeshapanda. Ukaitishwa mkutano, ikasemwa jina lake litasomwa pamoja na wavivu. Nilikuwa darasa la tatu. Niliona aibu, maana shuleni tulikuwa tukiimba nyimbo za kuwazomea kupe.

Mwenyekiti alipofungua daftari, Mama akasimama. Wanawake hawakuzoea kusema mkutanini.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Mimi silali, mume wangu analala, ndivyo tulivyozaliwa. Twendeni mkahesabu matuta kwenye ngwe yake. Yakipungua, msomeni."

Wakaenda, nami nikawafuata mbio. Kila mtu alikuwa na ngwe yake, kipande alichopimiwa kulima, na matuta ya Baba yaliyazidi ya wote waliowahi debe. Mwenyekiti akalifuta jina palepale. Nilimtazama Mama nikatamani kila mtoto wa Mafia awe na mama kama huyu.

Juzi mwanangu, ambaye ni muuguzi, kaniambia wataalamu wamegundua kwamba usingizi nao hurithiwa, kama pua na kimo. Nilicheka. Mama alilijua hilo bila kukanyaga darasani.

Mimi nimerithi macho yake. Adhana hunikuta nasuka. Mjukuu wangu Zuhura kachukua usingizi wa Baba. Siku hizi debe halipo, ngwe hazipo, na mtu wa kusimama kumtetea mwenzake vile simwoni. Kila asubuhi ya likizo naingia chumbani kwake nimejiandaa kufoka. Kisha naichukua kanga ya Mama, naitundika dirishani, natoka nikinyata.