Mahali Pikipiki Zinaposukumwa

Nakumbuka siku moja ya ukungu, mdogo wangu, niliposhushwa kwenye pikipiki pale Masisi, mashariki mwa Kongo, nikadhani dereva ananichezea.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huohuo. Kazi yangu ilikuwa kuwapa madereva wa pikipiki simu zilizoandika kila njia waliyopita, kisha kuilisha akili bandia safari hizo itueleze mji unatembea vipi. Ilichora ramani nzuri: soko, kituo cha afya, njia za wauza maziwa. Lakini kwenye mteremko mmoja iliweka doa jekundu. Kila pikipiki iliyofika hapo ilipunguza mwendo hadi hatua za mtu, mvua au jua. Akili bandia ikasema ni msongamano, ukingo wa juu ukatwe barabara ipanuke.

Nilikagua hesabu mara nyingi, maana mimi ni mtu wa kurudia mlango niliokwisha kuufunga. Picha za angani hazikuonyesha nyumba, duka wala njia panda. Msongamano gani huo, mahali pasipo na kitu? Hata hivyo niliona aibu kuuliza jambo ambalo mashine imekwisha kulijibu. Nikatuma ripoti kwa wakuu wangu Goma. Wakajibu kwamba tingatinga litafika Jumatatu.

Ijumaa nikapanda nyuma ya Papa Bauma, mkubwa kwa umri kuliko madereva wote wa hapo, nikaone mahali penyewe. Tulipofika mteremkoni akazima injini.

"Shuka, kaka."

"Moto imekufa?" nikauliza, nikidhani pikipiki imeharibika.

"Haiyakufa. Shuka tu."

Akaanza kuisukuma. Mbele yetu, ndani ya ukungu, pikipiki nyingine nne zilikuwa zikisukumwa, abiria wakitembea kando, kofia mkononi. Hakuna aliyesalimia mwenzake. Nilisikia matairi yakikanyaga tope na watu wakipumua, basi. Nikauliza kwa sauti kuna nini. Wote wakageuka kunitazama, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Tulipovuka, Papa Bauma akasimama.

"Mulima ilianguka hapa, ikafunika manyumba. Tulichimba mpaka mikono ikatoka damu. Bengine hatukubapata. Muke yangu iko mule, chini ya ule ukingo. Njo maana hatupitishake kelele juu yao."

Nikamwambia habari ya tingatinga. Akaisimamisha pikipiki, akanigeukia.

"Ordinateri yako, ile mashine, iliona tunapunguza mwendo?"

"Iliona, Papa."

"Na weye, uko na kinywa, ulishindwa kuuliza? Ao shule ilikunyanganya ulimi?"

Palepale nikapiga simu Goma. Nikasema nimekosea mimi, si mashine. Mkuu wangu akafoka, akataka ushahidi. Nikampa Papa Bauma simu. Alitaja jina la mke wake, kisha la jirani, kisha mengine, polepole, mpaka mkuu wangu akaanza kumwomba arudie moja moja, ayaandike.

Jumatatu tingatinga halikuja.

Mdogo wangu, nawe ukianza kazi hii utapewa mashine inayoona mji mzima kwa dakika moja. Itumie, usiiogope. Ila ikikuonyesha watu wanapunguza mwendo, itakuwa imekuonyesha mahali tu, sababu wanayo wenyewe. Nenda ukatembee nao, uulize, ndipo uandike. Aibu ya kuuliza huisha siku hiyohiyo. Ukingo ule ungekatwa, ningeishi na aibu yangu mpaka kaburini.

Mungu akupe miguu ya kufika kila mahali utakapopachora, na wenyeji watakaokwambia ukweli kabla hujachelewa.