Fundi Asiyeruhusiwa Kumwona Mwenye Gari

Kuna namna ya kuandika kuhusu fundi mwanamke ambayo imenichosha. Picha moja, oveloli safi, spana mkononi, anacheka, chini wameandika "wanawake wanaweza". Sawa, wanaweza. Sasa anatengeneza nini? Hapo mwandishi kimya, maana hakuuliza.

Mimi niliuliza. Tupokigwe ana gereji Bagamoyo, hii Bagamoyo yetu ya Tukuyu, msianze kunitumia picha za bahari. Kazi yake ni miguu ya mbele tu. Gari likivuta upande, likiyumba, usukani ukitetemeka mpaka meno yanagongana, anapelekewa yeye. Injini hagusi. Ukimletea gari linalotoa moshi anakuonyesha gereji ya jirani kwa kidevu. Ana miaka thelathini na nne, ufundi alifundishwa na mjomba wake, anatafuna karanga kutwa nzima na ukimuuliza swali mara mbili anakutazama kama umemkanyaga.

Kichekesho ni kwamba gari lenye miguu mibovu kuliko yote niliyowahi kuiona Rungwe lilikuwa la baba mkwe wake, na kwa miaka minne alikuwa hajaligusa hata boliti moja.

Kwa nini? Kwa sababu kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hakai naye, hali naye, haongei naye, jina lake halitaji. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Wanaita ukutila. Siku hizi wengi wameachana nayo, unamkuta mtu na mkwewe wanaimba kitabu kimoja kanisani. Ila mzee Andongwisye wa Kisondela ni wa zamani kweli, na Tupokigwe alipoolewa na mwanaye Amoni alikubali kuifuata. Mwaka wa kumi na moja sasa.

Gari lenyewe ni Landrova pikapu, limenizidi umri. Mzee analitumia kushusha maparachichi ya majirani mpaka Tukuyu. Bila hilo, maparachichi yanashuka kichwani au kwenye bodaboda, yanafika yamepondeka, mnunuzi anayatupa pembeni. Na bila hilo mzee mwenyewe ni mtu wa kukaa kibarazani kufukuza kuku.

Wiki tatu zilizopita, kwenye mteremko, magurudumu ya mbele yalianza kucheza, usukani ukamtoka mkononi, Landrova ikaingia kwenye shamba la chai la watu. Hakuumia mtu. Lakini wanawe wakakaa kikao, na Amoni, mwalimu wa shule ya msingi na ndiye mkubwa, akatoa hukumu: Jumamosi ikifika gari bado linacheza mteremkoni, linauzwa chuma chakavu. Mteja wa Mbeya alishapigiwa simu.

Alhamisi mama mkwe, Winfrida, akampigia Tupokigwe. Nilikuwa pale gereji, sauti ilisikika mpaka nje.

"Mama Lilian, njoo. Baba Amoni hajala toka jana."

"Mama, nitakujaje na yeye yupo?"

"Nimemwambia fundi ni wewe. Amenyamaza."

"Kunyamaza ndiyo nini?"

"Nimeishi naye miaka arobaini na sita. Akinyamaza amekubali. Akikataa utamsikia huko huko Tukuyu."

Ijumaa asubuhi tukapanda bodaboda mbili, yeye na sanduku lake la spana, mimi nyuma. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Kabla ya kufika akasimamisha pikipiki, akajifunga kitenge juu ya oveloli na kingine akajitanda kichwani. Suruali mbele ya mkwe, haiwezekani.

Winfrida alikuwa ameshapanga kila kitu kama mtu wa itifaki. Mzee ndani, mlango umefungwa. Kwenye bampa la mbele kaning'iniza vitenge viwili vikubwa, vinagusa ardhi. Tupokigwe akatandika gunia, akateleza chini ya gari, akapotea.

"Ameingia!" Winfrida akapaza sauti.

Mlango ukafunguka. Mzee Andongwisye akatoka na kofia yake ya sufu, mrefu, mwembamba, anatembea huku anaangalia juu ya paa. Akasimama hatua tatu kutoka kwenye gari.

"Mama," sauti ikatoka chini, "muulize mwenye gari, linaanza kucheza likiwa spidi ngapi?"

Mzee kasikia. Wote tumesikia. Anasubiri.

"Baba Amoni, fundi anauliza linaanza kucheza spidi ngapi."

"Mwambie spidi haijulikani. Mshale ulikufa."

"Anasema mshale ulikufa."

"Nimesikia, mama."

"Umesikiaje na mimi ndiyo kwanza nasema?"

Ikaenda hivyo kama nusu saa, na mimi subira sina. Nikapata habari nzima: mafundi wanne wamepita. Wa kwanza alibadilisha vichwa vya tairodi, zile fimbo zinazogeuza magurudumu. Wa pili akabadilisha vilevile tena. Wa tatu akafunga shokapu mpya ya usukani, na wa nne akasema tatizo ni tairi.

"Muulize, wote walipiga jeki?"

"Wote," mzee akajibu mwenyewe, halafu akakumbuka, akamgeukia mkewe. "Mwambie wote."

Chini nikasikia karanga inatafunwa. Kisha akaeleza, na hapa nisikilizeni wenye magari. Ukilinyanyua gari kwa jeki, uzito wote unatoka miguuni, na ugonjwa wa mguu unalala. Fundi anashika gurudumu, anatikisa, haoni kitu, anabadilisha kifaa ambacho hakikuwa na kosa. Inatakiwa magurudumu yawe chini, mtu mmoja akae kwenye usukani autikise kushoto kulia, mwingine alale chini aangalie.

Winfrida akapanda yeye. Usukani wa Landrova ile hauna msaada wowote, ni mikono yako na Mungu wako. Alisukuma mara mbili akashika bega. Nikajitolea mimi. Mzee akanitazama mikono.

"Huyu kazi yake nini?"

"Anaandika kwenye simu," Winfrida akasema.

"Basi akaandike."

Akapanda mwenyewe. Kumbe kwenye kile kiti, ukimtoa Winfrida dakika ile, hajawahi kukaa mtu mwingine toka alinunue. Mafundi wote wanne alikuwa anawaingizia gari mwenyewe na kuwatolea mwenyewe. Sasa yuko juu, mke wa mwanaye yuko chini yake, katikati kuna bati.

Na hapo maharage yakaanza kuungua. Winfrida akakimbilia jikoni, akatuacha bila mtu wa kupokezana maneno. Nikafungua mdomo niwasaidie, mzee akaninyooshea kidole: hapana. Mgeni wa mjini hapewi kazi hiyo.

Kisha mzee akakohoa.

"We Landrova," akasema. "Unataka nikuzungushe wapi?"

Nikaona kitenge kinatikisika kidogo, nikajua chini huko mtu anajizuia kucheka.

"Landrova," sauti ikatoka, "mwambie aliyekushika akutikise harakaharaka. Kushoto, kulia, kidogokidogo."

"Landrova, hivi?"

"Landrova, hapo anakubembeleza. Akutikise."

Mzee akatikisa. Bodi nzima ikalia.

"Landrova, sisi wawili ni wazee, fundi wako atuhurumie."

"Landrova, uzee mimi naujua, si ugonjwa. Aendelee."

Walipozoea wakaanza kwenda kasi, neno juu ya neno, kila sentensi inaanza na Landrova, mimi nimekaa juu ya ndoo nimeziba mdomo.

"Landrova," mzee akasema, "mbona humwambii fundi ile habari ya kugonga? Kabla hujaanza kucheza unanigonga kwanza kiganja cha kushoto. Mara moja tu. Kama mtu amebisha hodi."

"Hiyo aliwaambia wale mafundi?"

Alisahau kuitaja Landrova. Mzee akaganda, mikono kwenye usukani. Mimi pia nikaganda, na wala si mila yangu.

"Landrova!" Tupokigwe akarukia. "Landrova, nakuuliza wewe, waliambiwa?"

Mzee akashusha pumzi. "Landrova, mwambie hawakuuliza."

Ndiyo ikawa dawa. Kugonga mara moja, kushoto, maana yake kuna kitu kinahama halafu kinarudi. Tupokigwe akaacha tairodi, akapeleka kidole kwenye fimbo ndefu inayokaa kwa upana, ile inayozuia ekseli isihame kushoto na kulia chini ya gari. Mwisho mmoja umefungwa kwenye ekseli, mwingine kwenye chuma kilichofungwa kwenye chesisi. Hakuangalia, aligusa. "Landrova, akutikise tena." Ikatikiswa. Akacheka kwa sauti.

Tundu la boliti kwenye kile chuma lilishalika na kuwa na umbo la yai, na ndani yake kuna mtu aliwahi kufunga boliti nyembamba kuliko inayotakiwa, akapaka grisi, tope likafunika. Kila usukani ukigeuka, ekseli nzima inahama kwanza upana wa kidole ndipo magurudumu yanatii. Miaka minne. Vichwa vyote vile vya tairodi vilitupwa bure.

Akafungua kile chuma, Winfrida akanipa mimi kwenye mfuko wa sukari, nikakipeleka Ibighi kwa Ezron, mchomeleaji. Akaliziba tundu kwa kuchomelea, akalitoboa upya kwa kipimo cha boliti halali, na bushi mpya, ile mipira ya kwenye miisho ya fimbo, nikanunua njiani. Kurudi nikamkuta Tupokigwe jikoni anakula ndizi na mama mkwe, mzee kala ndani peke yake. Kala, sahani imerudi tupu, Winfrida alinionyesha kama cheti.

Nikamuuliza Tupokigwe ninachowaza: huu si usumbufu? Mtu yuko hatua tatu, si umsalimie tu?

"Una baba mkwe wewe?"

"Sina."

"Shoga yangu wa hapo mjini anaye. Anakaa sebuleni kwake, anachagua chaneli, anasema chai haina tangawizi. Huyu wa kwangu akija nyumbani anabisha hodi toka barabarani na anasubiri. Miaka kumi na moja hajanipangia hata chumvi. Niache."

Nikamuacha. Mimi bado naona ni usumbufu.

Boliti mpya ilikataa kuingia kwa mkono, ikabidi ipigwe nyundo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Bushi alizikaza mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa miguu yake, si kwenye jeki. Saa tisa ikabaki kazi moja, mteremko.

Mbele tulikaa mzee na mimi, maana mshale ulikufa na simu yangu inapima spidi. Tupokigwe nyuma kwenye sehemu ya mizigo, ameipa kabini mgongo, kitenge kichwani. Makubaliano yalipitia kwa Winfrida: akigonga paa mara moja, punguza; mara mbili, ongeza.

Tukaanza kushuka. Thelathini. Mzee kashika usukani kama anamshika mwizi. Paa likagongwa mara mbili. Arobaini. Tukakaribia pale kwenye chai, pengo bado linaonekana, matawi yamevunjika. Mzee akaanza kunong'ona Kinyakyusa, nadhani ni sala. Paa, mara mbili.

"Ngapi?" mzee akaniuliza.

"Hamsini."

"Ndipo penyewe."

Hakuna kitu. Hamsini na tano. Sitini. Landrova imenyooka kama imepigiwa rula. Mzee akaachia mkono wa kushoto, akakiangalia kiganja chake, mbele, nyuma, akaurudisha. Halafu akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya besi. Tulipofika mahali pa kugeuzia hakugeuza. Paa likagongwa mara moja. Likagongwa tena. Likapigwa ngumi. Mzee akaongeza mafuta, akavuka daraja, akapanda kilima cha pili, akazunguka kwa majirani wote wenye parachichi, akipiga honi kila mlango, na mke wa mwanaye nyuma kama mzigo uliosahaulika.

Jumamosi saa mbili, mimi na Winfrida tuko uani, mteja wa Mbeya akafika na mizani na mtungi wa gesi wa kukatia. Amoni alimtangulia, kachomekea shati, mkewe hakuwa amemwambia lolote la Ijumaa. Uani hakuna gari, kuna alama ya oili tu. Akapiga simu, akaweka spika.

"Baba, shikamoo. Uko wapi? Mteja amefika."

"Marahaba. Niko Tukuyu napakua maparachichi. Mteja wa nini?"

"Wa gari, baba."

"Gari liko kazini."

"Nani kakuhakikishia limepona?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

Tukasikia debe linashushwa, mtu anaambiwa ashike vizuri.

"Wa Bagamoyo," mzee akasema. "Jina mimi silitaji. Muulize jioni mwenyewe, si mnalala nyumba moja?"

Simu ikakatwa. Winfrida alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Mteja akauliza kama basi kuna sufuria mbovu. Hazikuwepo, akapewa ndizi za kuchoma, akala zote.