Dar ya Shambani

Ile Dar ya kwetu mwanzo ilikuwa stoo ya mbolea. Shamba la ngano lilikuwa la serikali, madereva walitoka kila mkoa, na mmoja wao aliwahi kucheza kwenye ukumbi mmoja wa Dar es Salaam uliokuwa unasifiwa kila mara redioni. Akaandika jina la ukumbi ule kwenye ukuta wa stoo kwa rangi nyekundu, akafunga taa kwenye jenereta, pombe ikaanza kuuzwa. Mimi kusoma nimejifunzia ngumbaro, darasa la watu wazima. Jina hilo nililisoma mwenyewe, na mpaka leo linanichefua.

Tangu hapo mtu akienda kulewa anasema anaenda Dar.

Mama mkwe alikuja kutoka kijiji cha Daudi kwa ubatizo wa mtoto wetu wa mwisho. Watoto wakamwamkia, akawauliza, "Baba yenu yuko wapi?"

"Ameenda Dar, bibi."

Maskini, akapiga magoti amwombee mwanawe: basi lisipinduke, wezi wasimwone. Kabla hajasema amina, msafiri akaingia, kiatu kimoja mguuni, matapishi kifuani.

"Kumbe Dar ni karibu hivi?"

"Karibu, mama," nikamwambia. "Na haina choo."

Kweli haikuwa na choo. Walikojoa ukutani. Na Jumapili ukumbi huohuo ndio kanisa letu. Sisi akina mama tulisugua kwa majivu, lakini sakafu ilikuwa imekunywa kuliko walevi wenyewe. Jua likipiga bati, harufu inapanda, inzi wanatua mpaka kwenye kitambaa cha altare.

Nikasema mwanangu habatizwi humo.

"Padri anakuja mara chache, mama," katekista akanionya. "Ukikataa, utangoja mpaka mavuno mengine."

"Nitangoja."

Mume wangu akanuna. "Unatuaibisha."

"Aliyetapika ni mimi?"

Padri alipofika nilimpa Tumsifu Yesu Kristo, nikamwomba aingie kwanza peke yake, avute pumzi. Akaingia. Akatoka haraka, leso puani, akauliza banda la kombaini liko wapi.

Alimbatiza kule, katikati ya matairi na madebe ya grisi. Mama mkwe alinusa hewa, akasema kwa sauti, "Dizeli hainywewi. Hapa ni safi."

Mshumaa wa ubatizo nilimnyima mume wangu, mdomo wake ulikuwa bado unanuka pombe. Aliushika mama yake.