Nilipopanga Masomo ya Shule ya Singasinga

Ipo kazi moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila nikimwona mwalimu kijana amekabidhiwa mtaala kama wewe ulivyokabidhiwa huko Kisarawe.

Nilikuwa binti wa Kizaramo kutoka Kibuta, na ushungi wangu kichwani, mgeni katika shule ndogo ya msingi ya Singasinga pale Visiga. Mwalimu mkuu, Bi Harjit, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinipa kazi ya kupanga masomo. Nikamwambia ukweli: "Mama, dini yenu siijui. Si bora umpe mwenzenu?"

Akacheka. "Nusu ya watoto hapa si Singasinga. Ndiyo maana nakupa wewe."

Nikapanga. Masomo yote ya serikali yakakaa mahali pake. Nikaongeza Kipunjabi, bustani, nyimbo za ibada kwa watakaopenda, na siku ya kupika na kula pamoja sakafuni, kama wafanyavyo kwenye nyumba yao ya ibada, tajiri na maskini safu moja. Alasiri ya Alhamisi nikaiacha wazi, kwa lolote ambalo watoto wangelileta. Niliipenda kazi ile, nakwambia.

Kikao cha wazazi kikafika. Baba Neema, mtu wa Moshi aliyefanya kazi kiwandani Zegereni, akasimama wa kwanza. "Mwalimu, vitunguu Neema anamenya nyumbani. Hapa nimemleta asome."

Kabla hajakaa, Mzee Gurdev, babu wa mwanafunzi mmoja, akadakia: "Na Kipunjabi chenyewe mmekiweka cha kuonjesha tu!"

Ukumbi ukagawanyika. Wengine wakatishia kuhamisha watoto, na shule yenyewe ilikuwa changa. Ikiondokewa na hao, inafungwa. Nikafungua mdomo nijibu. Bi Harjit akanishika mkono. "Usijibu leo. Kwanza tukawasikilize makwao."

Kwa Baba Neema tulikaribishwa chai. Alipokwisha kumimina, akasema, "Mimi nilifeli darasa la saba, mwalimu. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Waliacha tu kuniuliza nataka kuwa nani." Mkewe akamtazama, naona na yeye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza.

Tukaenda kwa Mzee Gurdev. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akatusimulia habari za marehemu mkewe. "Siku zake za mwisho Kiswahili kilimtoka chote, kikabaki Kipunjabi. Mjukuu wetu amemshika mkono, ananiuliza, 'Babu, bibi anasema nini?' Na bibi alikuwa anamwita yeye."

Njiani kurudi nililia, mwanangu, wala sikuona haya.

Tukaupanga mtaala upya. Jikoni kukawa darasa la hesabu: watoto wanapima mchele na dengu, wanagawanya kwa idadi ya walaji, na alama zinaandikwa kama za somo lolote. Alasiri ile ya wazi tukawapa wazee waje kusimulia, Mzee Gurdev kwa Kipunjabi, siku nyingine bibi yangu kwa Kizaramo. Tukakubaliana pia kuupitia mpango kila muhula, pasipofaa tubadilishe.

Wachache walihama hata hivyo. Neema alibaki, akafaulu. Si kwa alama za kutisha, lakini alifaulu. Mzee Gurdev alinung'unika miaka yote kwamba vipindi havitoshi, na alasiri yake hakuikosa.

Basi mwanangu, usianze na ratiba. Anza na wazazi, umuulize kila mmoja anaogopa mtoto wake atakosa nini. Ya serikali usiyapunguze, maana mtihani upo na kufeli kunaumiza. Lakini acha nafasi, kwa kuwa mtoto haji shuleni peke yake. Anakuja na bibi yake, na chakula cha kwao, na majonzi ambayo wazazi hawajawahi kumwambia.

Mungu akupe subira ya vikao. Awajalie watoto utakaowafundisha waingie darasani kwa hamu, na jioni warudi nyumbani bila kuwaonea haya watu wao. Amina.