Kondoo wa Hesba Garlick

Kitongoji cha Nettlecote kilikuwa na nyumba chache, kanisa lisilo na kasisi wake, na mdomo wa Hesba Garlick. Kondoo wake wakila maua ya watu, aliyefoka ni yeye. "Kama hutaki yaliwe, panda miiba." Watu walimnung'unikia, lakini asiposikika barabarani walitumana kwenda kumchungulia.

Hakuolewa. Kila kondoo wake alikuwa na jina, mengi yakiwa ya marehemu wa pale pale.

Mwaka ule wa ugonjwa wa miguu na midomo, ng'ombe wa jirani yake, Dennis Tapscott, walianza kudondosha udenda. Dennis alikuja mwenyewe, akasimama mbali na uzio.

"Hesba, wangu wanao."

"Wangu wazima."

"Najua. Lakini tumepakana. Watauawa wote, ndiyo amri."

Walikuwa wamegombania mpaka tangu ujanani. Hesba alifungua kinywa amtukane, lakini kilichotoka kilikuwa swali.

"Umekula?"

"Nani ana hamu ya kula?"

"Basi rudi kwa mkeo, asikae peke yake."

Wachinjaji wa serikali walipofika, daktari wa mifugo, binti mpole, alimsihi aingie ndani.

"Wananijua mimi," Hesba alisema. "Wakiniona hawatahangaika."

Akawaita kondoo wake kwa majina, nao wakaja mmoja baada ya mwingine, wakidhani wanaitiwa chakula. Hilo ndilo lililomkata maini. Alishika kila kichwa mpaka kikalegea. Moshi wa kuwateketeza ulitanda bondeni siku nyingi, ukaingia hadi kwenye mapazia.

Tangu hapo hakufoka tena. Watu walimsalimia, naye akaitikia kwa adabu, na adabu hiyo iliwatisha.

Mwaka uliofuata Dennis alimletea mwanakondoo aliyefiwa na mama, amemfunika kwa koti.

"Anataka chupa tu huyu. Mke wangu hana subira."

"Mkeo ana subira kuliko wewe." Hesba alimpakata, akanusa manyoya yake, kisha akamrudisha. "Nikimwita atakuja, Dennis. Siwezi tena."

Dennis alimrudisha yule mdogo kotini, akaenda zake.

Hesba alikufa kwa ugonjwa wa mapafu kabla ya Krismasi. Nyumba nyingi zilikuwa zimeshanunuliwa na watu wa mjini wanaokuja mwisho wa wiki tu, na siku ya maziko ilikuwa Jumanne. Waliolibeba jeneza walikuwa wazee, wakapumzika mara mbili njiani.